Mwimbaji Hajulikani

Mkunga hana makuu. Huja na beseni lake, hufanya kazi yake, na mtoto akishalia watu wote humgeukia mtoto. Ndipo wanapotokea waliojisahau, wakamsema mkunga kuwa mikono yake mizito na nguo zake zimechakaa, kana kwamba tumbo lililozaa halitabeba tena. Waliotutangulia wakatuonya kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo, yaani usimvunjie heshima mtu ambaye kesho utamhitaji. Kijana tunayemsimulia aliijua methali hiyo tangu darasa la nne, na aliwahi kuiandikia insha akapewa alama za juu. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuikumbuka wakati ulimi umeshafunguka ni jambo jingine.

Wenzake walimwita Profesa kwa sababu hakuweza kugusa kinanda bila kutoa mhadhara kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzi wa bendi ya watu watatu iliyofanya mazoezi ghorofa ya tatu, juu ya karakana ya kutengeneza majokofu. Wa pili alikuwa mpiga ngoma mwenye mikono migumu, wakamwita Tindo. Wa tatu alikuwa msichana aliyepiga magitaa yote na kuimba pia, naye walimwita Dada Besi. Hawakuwa na kampuni wala mfadhili. Kuta za chumba chao walizifunika kwa magodoro ya zamani, na walirekodi saa ya chakula cha mchana tu, mafundi wa chini wanapoweka nyundo zao pembeni.

Kwa mwaka mzima, saa moja kwa siku, walikuwa wakiitengeneza albamu yao ya kwanza. Waliipa jina *Nyuzi na Nyaya*. Humo mlikuwa na gitaa la rumba lililopishana na midundo ya kompyuta, sauti za kwaya juu ya jazi, na kinanda cha kanisani kikijibizana na besi ya dansi. Ukiwauliza ni muziki wa aina gani, kila mmoja alikuwa na jibu lake, na Profesa alikuwa na majibu matatu. Nyimbo nane zilikwisha na zote zilikuwa safi, ila hazikuwagusa moyo. Tindo alisema ni mchuzi uliochemka vizuri bila chumvi.

Chumvi hiyo Profesa aliipata kwa bahati. Siku moja alisahau ufunguo wa nyumba, ikambidi aufuate kazini kwa mama yake. Mama alikuwa mfuaji katika hospitali, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na sita. Profesa alifika kwenye ukumbi mrefu wa nyuma, akasimama nje ya dirisha la chumba cha kufulia kama alivyozoea. Ndani, wanawake walikuwa wakikunja mashuka, wawili wawili, na mama yake alikuwa akiimba ili mikono yao iende pamoja. Ilikuwa sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, na wimbo wenyewe ulikwenda kwa hesabu asiyoweza kuikamata. Akaiweka simu yake kwenye ukingo wa dirisha, akarekodi kama dakika moja hivi. Kisha akamwita mama kwa ishara ya mkono, akapewa ufunguo, akaondoka.

Kwa nini hakuingia? Hakuwahi kuingia. Alipokuwa darasa la pili, mama yake alimshonea shati la shule kutokana na shuka lililokwisha kazi, akahakikisha muhuri wa buluu wa hospitali umekaa ndani ya kola. Siku ya michezo shati lilivuliwa, muhuri ukaonekana, na tangu hapo hadi anamaliza shule aliitwa Mashuka. Jina hilo lilimganda kama ruba. Alipojiunga na bendi aliapa moyoni kwamba hakuna mtu atakayejua lilikotoka, wala kazi ya mama yake, wala mlango wa nyumba yao.

Nyumbani aliisafisha ile sauti kwenye kompyuta. Palikuwa na kimya kifupi kilichojirudia kila baada ya mstari, akakiona kama tundu katika nguo. Akakikata. Akaunganisha kipande na kipande, mashine ikakirudia bila kuchoka, na mdundo uliotoka ulikuwa na mwendo wa kuchechemea usiofanana na kitu chochote. Aliwapelekea wenzake. Dada Besi alisikiliza mara mbili, akavua vidude vya masikioni, macho yamemlowa.

"Huyu ni nani?"

Hapo ndipo njia zilipogawanyika. Jibu lilikuwa neno moja, neno la kwanza ambalo kila mtoto hulijua, nalo akalimeza.

"Ni mama mmoja tu," alisema. "Nilimrekodi safarini. Hata jina sikumuuliza."

"Sasa kwenye jalada tutaandikaje?" Tindo akauliza.

"Andika mwimbaji hajulikani."

Ikaandikwa. Santuri mia tatu zikachapwa, na nyuma ya kila jalada, chini ya wimbo wa tatu, maneno hayo yakakaa kwa herufi ndogo nyeupe. Nakala moja Profesa aliipeleka nyumbani. Mama yake aliifuta mikono kwa kanga ndipo akaipokea. Hawakuwa na mashine ya kuipigia, kwa hiyo akaisimamisha juu ya kabati, akaitazama picha ya mwanawe kwa muda mrefu. Macho yake hayakuziweza zile herufi ndogo, na Profesa alimshukuru Mungu kwa udhaifu wa macho ya mama yake. Aliposhtuka na kulijua alilolishukuru, alitoka akaenda kukaa uani.

Albamu ilipokelewa kuliko walivyotarajia. Waandishi wa habari za muziki waliusifu sana wimbo wa tatu. Mmoja aliuita "mdundo uchechemeao", akasema vijana hawa wamevumbua hesabu mpya. Kituo kimoja cha redio kikamwalika Profesa kwenye kipindi cha asubuhi. Alivaa shati alilopigiwa pasi na mama yake, akaketi mbele ya kipaza sauti, akatoa mhadhara wa nusu saa. Mtangazaji, mwanamke mcheshi aliyejua kazi yake, alingoja hadi akapumua, akawapigia wasikilizaji kipande cha wimbo wa tatu.

"Tuambie kuhusu ile sauti. Wasikilizaji wanapiga simu, wanataka tumtafute yule mama."

Profesa akahisi jasho likimtiririka ndani ya lile shati. Wakianza kutafuta, watampata. "Sidhani kama atapatikana," alisema. "Nilimrekodi safarini, naye alikuwa mtu mzima sana. Nilivyosikia, ameshatangulia mbele ya haki."

"Loo, pole. Mungu amlaze mahali pema."

"Amina," Profesa akajibu.

Mchana alimkuta mama nyumbani, amesharudi kutoka zamu ya asubuhi. Chakula kilikuwa kimefunikwa mezani kama kawaida. Alimtazama kwa wizi, akitafuta dalili usoni mwake, asione kitu.

"Nimekusikia redioni," mama alisema. "Umeongea vizuri. Ila usikimbize maneno, baba, watu hawakupati."

"Sawa, Mama."

Mama akamfunulia chakula. Profesa akajiaminisha kwamba labda mama hakusikiliza hadi mwisho, labda alitoka kidogo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi labda. Lakini matonge yalimshuka kwa shida siku ile, na kwa siku nyingi zilizofuata hakuweza kula akiwa ametazamana naye.

Wiki mbili baadaye mwenye ukumbi mkubwa kuliko kumbi zote za mji aliwapa nafasi. Albamu nzima, wimbo kwa wimbo, mbele ya watu mia nane. Alikuwa na sharti moja. "Kwangu watu wanapiga, mashine hazipigi," alisema. "Nikisikia sauti inatoka kwenye kompyuta, nazima umeme. Na huo wimbo wa tatu ndio uliouza tiketi, msije mkauruka." Tarehe ilikuwa siku tisa mbele. Mafanikio ya siku ile yangewafungulia milango, na aibu ya siku ile ingeifunga yote.

Walipanda ghorofa ya tatu kwa furaha, na ndani ya saa moja furaha ikawayeyukia. Wimbo wa tatu haukupigika. Dada Besi aliyaweza maneno, akaweza hata ule mkwaruzo, lakini kila alipofika mwisho wa mstari alijikwaa. Tindo alihesabu nne, akahesabu tano, akahesabu nne na nusu huku akijicheka mwenyewe. Siku ya tatu hakucheka tena. Alivitupa vijiti sakafuni.

"Huu mdundo una kilema," alisema. "Mashine inauburuza kwa sababu mashine haina mwili. Mimi nina mwili. Yule mama alikuwa anafanya nini alipoimba? Alikuwa anatwanga? Anafagia?"

"Sijui."

"Ulimrekodi wewe, halafu hujui?"

Profesa akajifanya anachomeka waya. Alijua. Alijua pia kwamba pale mwisho wa mstari, panapowaangusha wenzake, ndipo alipopitisha mkasi. Na ile rekodi ya awali alikuwa ameshaifuta kwenye simu, asije mtu akaiona. Duniani kote amebaki mtu mmoja tu wa kumwambia kile kimya kilikuwa na urefu gani.

Kesho yake alikwenda hospitalini, na kwa mara ya kwanza maishani akausukuma mlango wa chumba cha kufulia. Joto lilimpiga usoni. Mashine nne kubwa zilikuwa zikizunguka, na kando yake kulikuwa na meza ndefu na wanawake saba. Aliyekuwa karibu na mlango alikuwa shoga wa mama yake wa siku nyingi, mwanamke mwenye maneno, ambaye kazini walimwita Redio Mbao kwa jinsi habari zilivyompitia.

"Shikamoo, mama mdogo," Profesa akasema.

Redio Mbao alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. Hakuitikia. Akaendelea kukunja foronya, na ile shikamoo ikabaki inaning'inia mbele ya wanawake wote saba.

"Mwache, ni mgeni wangu," mama alisema kutoka mwisho wa meza. "Karibu, baba. Kuna nini?"

Alimsogelea, akaongea kwa sauti ya chini. Alisema wana onyesho, kuna wimbo unawatatiza, na kwamba mama anaujua. Aliongea kwa kuzungukazunguka, bila kusema aliupata wapi. Mama alimsikiliza huku mikono yake ikilainisha mikunjo ya shuka lililokuwa mezani.

"Si uliimbwa na yule mama wa safarini?" aliuliza. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. "Yule aliyekufa. Sasa mimi nitajuaje wimbo wa marehemu, mwanangu?"

"Mama..."

"Tulizima mashine zote," Redio Mbao alidakia, na sasa alikuwa ameiacha foronya. "Mama yako alituomba. Tangu alfajiri alikuwa akisema, saa tatu mwanangu anaongea redioni, jamani mnisaidie kunyamaza. Msimamizi akakubali. Tukasimama hapa hapa, saba sisi, tunasikiliza. Tukasikia sauti yake, tukaanza kupiga vigelegele. Halafu ukamzika. Ukaitikia na amina."

"Basi, shoga," mama alisema.

"Unajua alituambiaje? Akasema si mimi yule, sauti zinafanana. Mtu ninayeimba naye miaka ishirini ananiambia mimi sauti zinafanana."

Profesa alitamani sakafu ipasuke immeze. Sakafu ilikuwa ya saruji, nayo ilikaa kama ilivyo. Alitoka pale akipishana na kitoroli cha nguo, akashuka ngazi, akajikuta anatembea bila kujua anakwenda wapi.

Wenzake aliwaambia siku ile ile. Aliwaambia yote: shati, muhuri, jina la Mashuka, dirisha na amina. Tindo alikaa akiangalia mikono yake. Dada Besi ndiye aliyeongea.

"Miaka minne tuko pamoja," alisema. "Kwetu umekula, kwa Tindo umelala. Hujatuonyesha kwenu hata kwa kidole. Mimi nilidhani sisi ndio tunaokutia aibu." Akalichukua jalada la santuri, akasoma zile herufi ndogo, akaligeuza lisomeke upande wa picha. "Na jina langu liko hapo hapo juu yake. Umenifanya na mimi nimtukane."

Usiku huo hakulala. Asubuhi alikwenda kituo cha redio, akamsihi mtangazaji ampe dakika mbili. Akapewa. Alisema kwamba ile sauti ni ya mama yake mzazi, kwamba yu hai na ni mfuaji wa hospitali, na kwamba yeye alimkana kwa kuona haya. Profesa akatoka mbio kuelekea hospitalini. Moyoni alijisikia mwepesi kidogo. Aliwaza kwamba watakuwa wamesikia, kwamba atawakuta na nyuso zilizolainika, na kwamba lile zito lililobaki litakuwa limeshasemwa.

Alisukuma mlango. Wanawake waliinua vichwa, wakavirudisha kwenye kazi. Nyuso hazikuwa zimelainika hata kidogo. Alitazama rafu ambapo, kutoka dirishani, alizoea kuiona redio, akaona chupa za sabuni.

"Mnatafuta redio?" Redio Mbao akauliza kwa heshima ya kejeli. "Tuliirudisha stoo siku ile ile. Haina habari za kuaminika."

Basi hawakuwa wamesikia neno. Mji mzima umesikia, isipokuwa watu saba aliowakusudia. Profesa akaelewa kwamba redioni alikuwa amechagua njia rahisi, kwa kuwa kipaza sauti hakina macho. Sasa macho yalikuwepo, jozi saba, na hakuna mhadhara uliomjia.

Akasimama katikati ya chumba.

"Mama zangu," alisema. "Aliyeimba ni Mama. Nilimwibia sauti yake pale dirishani. Wakaniuliza ni nani, nikasema simjui. Wakataka kumtafuta, nikasema amekufa. Sikumkana kwa sababu ya kosa lake. Nilimkana kwa sababu ya kazi hii, kazi iliyonilisha mpaka leo. Niliona haya. Leo ninaona haya zaidi, na ninastahili."

Mashine zilizunguka. Mama yake hakulia wala hakumkumbatia. Alivuta shuka kutoka kwenye lundo, akalitikisa, akamtupia ncha mbili.

"Shika," alisema.

Profesa alishika. Mama alianza kuimba kwa sauti ya chini. Neno la kwanza, shika pembe. La pili, vuta. La tatu, kunja. La nne, kunja tena. Kisha akanyamaza, kwa kuwa kidevu chake kilikuwa kimelibana shuka, akapiga hatua kuja mbele. Profesa naye ikambidi apige hatua, maana shuka lilimvuta. Wakakutana katikati, mikono ikagusana, mama akazipokea ncha zake. Kisha wakaachana, na mstari wa pili ukaanza.

Hicho ndicho kimya alichokuwa amekikata. Hakikuwa tundu hata siku moja. Ni pale ambapo kila mmoja wa watu wawili anaufikia mkono wa mwenzake, na hakuna anayeweza kuimba kwa sababu amebana shuka kwa kidevu. Kwa miaka ishirini na sita mama yake alikuwa akikutana na wenzake katika hesabu ya tano, na mwanawe aliyesoma muziki alipita hapo na mkasi. Walikunja mashuka kumi na moja. Profesa alilia kuanzia la pili, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipokuwa anaondoka, alimsikia Redio Mbao nyuma yake. "Marahaba," alisema kwa ukavu, akaendelea na foronya zake.

Siku nne zilizobaki, Tindo na Dada Besi walikwenda kukunja mashuka kila asubuhi, kwa ruhusa ya msimamizi. Siku ya onyesho, wimbo wa tatu ulipigwa wote, na hesabu ya tano ukumbi mzima ulinyamaza bila kuambiwa. Kabla ya wimbo, Profesa alilitaja jina la mama yake na kazi yake, akasimulia pia alivyomkana. Watu walishangilia. Kiti cha mbele walichomwekea mama kilikuwa kitupu. Alikuwa amesema ana zamu, nayo ilikuwa kweli, ingawa shoga yake alijitolea kuishika.

Profesa aliporudi nyumbani, santuri ilikuwa pale pale juu ya kabati. Aliishusha, akatoa kalamu, akampelekea mama mezani. "Nataka nifute yale maneno niandike jina lako," alisema. "Angalau kwenye hii moja."

Mama aliichukua, akaisogeza karibu na macho, akazitafuta zile herufi ndogo kwa kidole mpaka akazipata. Inaelekea hakuwa akizitafuta kwa mara ya kwanza.

"Nimekusamehe, baba," alisema. "Lakini acha hivyo hivyo. Mia mbili tisini na tisa ziko kwa watu, na huwezi kuzifuata. Hii moja ikae hapa, kila ukipita uisome."

Akairudisha juu ya kabati mwenyewe, safari hii upande wa maandishi ukitazama mlangoni. Na mpaka leo, bendi inapotunga wimbo mpya na Tindo anapouliza hesabu yake, Profesa hupita mbele ya kabati hilo akiwa ameinamisha kichwa, kwenda kumuuliza mama yake. Hana haja tena ya kuiandikia insha methali ile: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.